Deni la Kadi Nililihamisha Mara Mbili, Likalipika Mara Moja

Mara ya kwanza ilikuwa 2019. Bahasha ilikuja nyumbani, hapa nje kidogo ya Houston, na ndani yake barua yenye maandishi makubwa: riba 0% kwa miezi 15, hamishia deni lako kwetu. Nilikuwa nadaiwa dola 2,800 kwenye kadi ya mkopo ya zamani. Nikajaza fomu, deni likahama, yaani benki mpya ikailipa kadi ya zamani na mimi nikawa nadaiwa na benki mpya, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kulipa. Desemba simu ikalia usiku: baba mdogo amefariki. Tiketi ya Dar es Salaam ya kununua leo na kuondoka kesho hainunuliwi kwa mshahara wa kazi ya nyumba ya wazee. Ile kadi ya zamani ilikuwa kwenye pochi, haina deni hata senti. Nikanunulia tiketi. Niliporudi nikaongeza mchango wa msiba, halafu matairi ya gari, halafu ada ya mtoto wa dada. Siku miezi 15 ilipokwisha, sikuwa na deni moja tena. Nilikuwa na mawili.

Nayaandika haya kwa sababu kila nikikaa na Watanzania na Wakenya wa huku, awe wa kanisani au wa kazini, lazima atokee mmoja aseme amepata kadi ya sifuri na mambo yake sasa ni safi. Namwuliza swali moja tu: utakuwa unalipa shilingi ngapi kwa mwezi? (Tunasema shilingi hata tukiwa Texas.) Wengi hawana jibu. Na mimi mwaka ule sikuwa nalo.

Kufika Machi 2023 kadi ya kwanza ilikuwa na dola 4,100 kwa riba ya 27.99% kwa mwaka, na ya pili dola 2,300 kwa 22.49%. Kima cha chini wanachokutaka ulipe, kwa kadi zote mbili, kilikuwa kama dola 203 kwa mwezi, na nilikuwa nalipa bila kukosa, nikijiona mtu mwaminifu. Usiku mmoja wakati wa mapumziko ya zamu nikachukua kalamu. Gawa riba ya mwaka kwa 12, zidisha na deni: kadi ya kwanza inakula dola 96 kwa mwezi, ya pili dola 43. Yaani katika zile 203, dola 139 zilikuwa zinaliwa na riba na dola 64 tu ndizo zilizopunguza deni. Ukitaka ushahidi usiohitaji kalamu, angalia stetimenti yako. Tangu sheria ya kadi ya 2009, kampuni zinalazimika kukuandikia kwenye kisanduku deni litakwisha lini ukilipa kima cha chini peke yake, na ulipe kiasi gani ili umalize kwa miezi 36. Kwenye kadi yangu ya kwanza iliandikwa miaka 16. Kisanduku hicho kilikuwa kinakuja kila mwezi na mimi nilikuwa nakiruka kama tunavyoruka maelezo ya dawa.

Mtu huuliza, Texas haina sheria ya riba? Majimbo mengi yanazo. Lakini mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa kule benki yenyewe iliko. South Dakota ikaondoa ukomo wa riba, Delaware nayo ikafungua mlango, na biashara ya kadi ikahamia huko. Ndiyo maana bahasha ya malipo unaiandikia Sioux Falls au Wilmington, miji ambayo hujawahi kukanyaga.

Sasa kadi yenyewe. Mara hii ya pili sikuanza na barua ya kwenye bahasha, nilianza na pesa ninayoweza kuitoa. Baada ya kodi ya nyumba, gari, chakula na pesa ya mama kule Tanga, nilibaki na dola 320 za uhakika kwa mwezi. Nikazigawa: dola 70 kwa kadi ndogo, ile ya dola 2,300, dola 250 kwa deni litakalohama. Hapo ndipo nikajua natafuta kadi ya namna gani: ile ambayo dola 250 zangu zitaumaliza mzigo kabla ya sifuri kwisha. Kadi za namna hii Marekani huwa zinatoa kati ya miezi 12 na 21. Pointi za ndege, zawadi ya kukaribishwa, rangi ya kadi, vyote hivyo niliviweka pembeni.

Watu wanaiogopa ada ya kuhamisha kuliko inavyostahili, au hawaioni kabisa. Kwa kawaida ni asilimia 3 mpaka 5 ya unachohamisha, nayo inaongezwa kwenye deni lako siku ileile. Kwa dola 4,100, asilimia 3 ni dola 123 na asilimia 5 ni dola 205. Chukua ada ugawe kwa riba unayolipa sasa kwa mwezi. Mimi nililipa riba ya dola 96, kwa hiyo hata ada kubwa ya 205 ingejirudisha kwa miezi miwili na siku chache. Maana yake ni kwamba kama deni lako utalimaliza ndani ya miezi miwili kwa nguvu zako mwenyewe, achana na kadi mpya, lipa tu. Kama litachukua mwaka, ada si kitu. Na usidhani ada ndogo hushinda daima. Mtu mwenye dola 210 tu kwa mwezi akichagua kadi ya asilimia 3 na miezi 15, atatakiwa dola 282 kila mwezi, hataziweza, na salio litamkuta kwenye riba kamili. Huyo bora alipe ada ya asilimia 5 apate miezi 21: dola 4,305 gawa kwa 21 ni dola 205, na anazo.

Masharti haya yote yako kwenye jedwali ambalo sheria inawataka waliweke kwenye kila ombi la kadi. Wamarekani huliita kwa jina la Schumer, mbunge aliyelipigania, ambaye baadaye akawa seneta. Soma jedwali hilo, achana na picha ya familia inayocheka ufukweni. Tafuta mstari wa riba ya kuhamisha deni, mstari wa riba ya manunuzi, ada, na muda unaopewa wa kuhamisha. Kadi nyingi zinakupa siku 60 au 120 tangu akaunti ifunguliwe, ukichelewa ofa imekwenda.

Kuna mambo mawili yaliyonikwaza na sikuyatarajia. La kwanza, deni halihami ndani ya benki moja. Kadi niliyoitamani ilikuwa ya benki ileile ninayodaiwa, nikaambiwa haiwezekani. La pili ni limiti, yaani kiasi cha juu ambacho kadi inakuruhusu kudaiwa. Pamoja na mgawo wangu, moyoni niliomba nikiota limiti itakayobeba zote 6,400, nikakubaliwa dola 4,500. Na ujue ada nayo inakaa ndani ya limiti hiyo. Kwa hiyo ikabidi nirudi kwenye mgawo wa mwanzo, deni moja, na sikuumiza kichwa: lile la riba kubwa ndilo lililohama. Dola 4,100 na ada 123, jumla 4,223, miezi 18.

Kabla ya kuomba, angalia kwanza kwenye tovuti ya benki kama unafaa. Uchunguzi huo wa awali haugusi alama zako za krediti, zile ambazo benki huzitazama kujua kama wewe ni mlipaji mzuri, ila ombi lenyewe linazipunguza kidogo. Usiombe kadi tano kwa wiki moja kama mtu anayetafuta chumba Kariakoo.

Uhamisho wangu ulichukua wiki mbili. Katika wiki hizo kadi ya zamani bado ni deni lako, endelea kuilipa. Na hata baada ya kadi hiyo kusoma deni sifuri, mwezi uliofuata ilikuja bili ya dola 44. Nilidhani ni makosa, nikapiga simu kwa ukali. Kumbe riba huhesabiwa kila siku, na zile siku kumi na nne za kusubiri zilikuwa na riba yake, kama dola 3 kwa siku. Kama ningeipuuza ningepigwa ada ya kuchelewa kwenye kadi niliyoamini imekwisha.

Sasa niseme lile lililoniangusha 2019, kwa sababu hesabu zote hizi hazisaidii mtu asiyelishughulikia. Kadi ya zamani ikibaki tupu kwenye pochi, utaitumia. Sikuifunga, kwa sababu kuifunga kunapunguza jumla ya limiti zako na alama zinaweza kushuka. Niliifuta kwenye simu, kwenye tovuti zote za manunuzi, kisha nikaitia kwenye bahasha na kumkabidhi shemeji yangu anayeishi Dallas. Ni mwendo wa saa nne kwa gari. Mtu akipata msiba, nilijisemea, tutachanga kama tulivyokuwa tunachanga kabla ya kadi.

Kadi mpya nayo usiifanyie manunuzi, labda kama jedwali linasema manunuzi pia ni sifuri. Ukiwa na deni lililohamishwa ambalo hujalimaliza, kadi nyingi hukunyima ule muda wa kununua leo na kulipa mwezi ujao bila riba. Unanunua maziwa Jumatatu, riba inaanza Jumatatu. Na kwa sisi wa kutuma pesa nyumbani: msiiunganishe kadi hiyo na programu ya kutuma pesa. Mara nyingi muamala wa namna hiyo huhesabiwa kama umetoa pesa taslimu, unatozwa ada yake, na riba yake ni ya juu tena inaanza siku hiyohiyo. Nimemwona dada tunayefanya naye zamu akiwatumia wazazi dola 300 na kushangaa stetimenti inasoma nini. Pesa ya nyumbani itoke kwenye akaunti ya kawaida, kama haipo subiri ijayo.

Kadi ya sifuri ina mtego mwingine wa upole: kima chake cha chini ni kidogo mno. Stetimenti yangu ya kwanza iliniomba dola 42 tu. Kama ningeitii kwa miezi 18, ningefika mwisho nikiwa bado nadaiwa karibu dola 3,500, na hapo ndipo riba kamili inapoanza. Kwa hiyo niliifanya kama mchezo. Mnajua mchezo tunavyocheza akina mama, kila mwisho wa mwezi mtu anaweka, kijumbe anapokea, na ukikosa utatangazwa. Hakuna anayekosa mchezo, hata awe anaumwa. Nikajiwekea mchezo wa mtu mmoja: dola 250 zinakatwa zenyewe benki siku ya pili baada ya mshahara. Na sikugawa kwa 18, niligawa kwa 17, mwezi mmoja wa mwisho nikauacha wazi kwa ajili ya gari kuharibika. Likaharibika kweli, mwezi wa tisa, nikalipa dola 60 tu mwezi ule na mwezi ule wa akiba ukanikomboa.

Ukichelewa siku chache utatozwa ada, lakini sheria hairuhusu benki ya kadi kukupandishia riba ya deni lililokwisha kuhamishwa, kabla muda wa ofa haujaisha, mpaka uwe umechelewa zaidi ya siku 60. Usitumie nafasi hiyo. Jua tu kwamba ipo, usije ukakata tamaa kwa kuchelewa siku mbili.

Na kama umenyimwa kadi? Nenda krediti yunioni, ambayo ni ndugu wa SACCOS zetu. Zile zenye kibali cha serikali ya shirikisho zina ukomo wa riba wa 18%, na mkopo wa 18% wa kulipia kadi ya 28% ni nafuu ya kweli. Vilevile kuna mashirika ya ushauri wa madeni yasiyo ya faida, yanayoongea na benki kwa niaba yako ili zipunguze riba. Usiyachanganye na kampuni zinazokwambia uache kulipa kabisa ili wao wakapatane na benki. Binamu yangu aliingia huko, akatoka na barua ya mahakama.

Nililipa salio la mwisho mwezi wa 18, nimekaa kwenye gari nje ya kazini saa kumi na moja alfajiri. Dola 250 zilezile kwa riba ya zamani zingenichukua miezi 21 na riba ya zaidi ya dola 1,100. Nilichotoa juu ya deni ni ile ada ya 123 na zile 44 za mkia. Mwezi uliofuata nikazigeuzia 250 kwenye kadi ndogo, pamoja na zile 70, ikakauka kwa miezi sita.

Wiki mbili baadaye benki ikaniletea barua: hongera mteja wetu, hizi hapa hundi tatu tupu za kukopea kwenye kadi yako, andika kiasi unachotaka. Nilizikata kwa mkasi wa jikoni. Kadi ya zamani bado iko Dallas kwa shemeji.