Mfuniko wa tundu la slabu: pleti nene ya nini?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ya slabu (paa bapa la zege) Kigamboni, tenki la maji na sola viko juu. Wakati wa kumwaga zege tuliacha tundu la sentimita 60 kwa 75 juu ya korido, na mpaka leo limefunikwa kwa bati na mawe mawili. Mwezi uliopita jirani yangu ameingiliwa na wezi kwa juu. Na masika ikianza, maji yanashuka mpaka sebuleni. Fundi wa kuchomelea anasema dawa ni pleti ya milimita 6 na kufuli mbili kubwa kwa juu. Bei yake imenishinda. Hakuna njia nafuu ambayo bado ni salama?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na mpe pole jirani. Njia ipo, na ni nafuu kwa sababu chuma kingi alichokupigia hesabu fundi wako hakina kazi pale.

Tuanze na hiyo pleti. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Mfuniko wa tundu lako, pamoja na pindo la kushuka pembeni, unakula mita ya mraba 1 na kidogo. Kwa milimita 6 ni kilo 55 kabla hujaweka bawaba. Mwenye kuufungua amesimama kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine unasukuma kwenda juu nusu ya uzito huo. Siku ya kwanza mtaweza. Siku ya kumi mtoto akitumwa kuangalia boya la tenki ataegesha tofali ili asihangaike tena, na mfuniko ukishaegeshwa tofali hauna tofauti na bati lako la sasa. Mimi ningetumia shiti ya geji 16, yaani kama milimita 1.5, ikiwa na fremu ya bomba la mraba la milimita 25 kwa chini na bomba moja limekatiza katikati. Jumla haizidi kilo 20. Ukiisukuma upande wa kufungulia unainua kama kilo 10, uzito wa kawaida kwa mtu mzima. Usishuke chini ya hapo ukaweka shiti ya milimita 1 au bati la kuezekea, maana hiyo inakatwa kwa mkasi wa bati bila kelele.

Za juu, kufuli zile, ziondoe kabisa kwenye hesabu. Mwizi akishafika juu ya slabu usiku, ukuta wa pembeni unamficha, hana haraka. Kufuli iliyo mbele ya macho yake inampa kazi ya kufanya. Na hewa ya chumvi ya Kigamboni itaitia kutu ndani mpaka wewe mwenyewe ushindwe kuifungua. Kwa nje mfuniko uonekane mtupu, usiwe na tundu la funguo wala pete.

Kazi yote ya kufunga iwe ndani. Chukua chuma cha duara laini cha milimita 16, siyo nondo ya mikunjo kwa sababu inakwama, ukate vipande viwili viwe makomeo yanayoteleza ndani ya vipande vya bomba vilivyochomelewa chini ya mfuniko. Komeo moja liingie upande wa kufungulia, la pili upande wa bawaba. Hili la pili ndilo mafundi wengi huliacha, wakidhani bawaba zenyewe zinatosha. Bawaba ziko nje. Mtu mwenye msumeno wa chuma akikata pini zake, mfuniko usio na komeo upande huo unanyanyuliwa kutoka nyuma kama kifuniko cha sufuria. Komeo likiwepo, atakata bawaba na bado mfuniko hautoki.

Yale makomeo yanahitaji mahali pa kuuma, na hapo ndipo pesa uliyookoa kwenye pleti inapaswa kwenda: ukingo wa zege kuzunguka tundu. Ujenge wa zege, siyo tofali. Tofali la simenti mtaimbo unalimega. Unene sentimita 10, urefu sentimita 20 juu ya sakafu ya mwisho ya slabu, yaani baada ya lami ya kuzuia maji au vigae kama utaweka. Ukingo huohuo ndio unaomaliza habari ya maji. Mvua ya masika ikijaa juu na bomba la kutolea maji likaziba kwa majani, maji hupanda kidogo, lakini si rahisi yafike sentimita 20.

Pale ukingo utakapokaa, slabu ikwaruzwe kwa patasi mpaka kokoto zionekane, isafishwe, itobolewe kwa drili kila baada ya sentimita 25 na kusimikwa vipande vya nondo ya milimita 10. Ilowanishwe, ipakwe uji wa simenti, kisha zege la 1:2:4, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kiasi chake ni kidogo sana, nusu mfuko wa simenti unatosha na kubaki. Limwagilie kwa siku 7, funika na magunia yaliyolowa.

Fremu ya chuma iwe imeshakaa kabla ya kumwaga. Ni engo, chuma chenye umbo la L, ya milimita 50 kwa 50, ubavu mmoja umelala juu ya ukingo na mwingine umeshuka ndani ya tundu, nyuma yake zimechomelewa kucha za chuma bapa zinazozama kwenye zege. Kwenye ule ubavu wa ndani toboa matundu mawili ya makomeo, na nyuma ya kila tundu chomelea kipande cha bomba cha sentimita 5 kibaki ndani ya zege, ili komeo likisukumwa lipite engo na kuzama. Kabla zege halijaingia, shika futi upime fremu kona kwa kona. Kwa 60 kwa 75 ya ndani, vipimo vyote viwili visome sentimita 96. Vikitofautiana hata sentimita 1, fremu imekwenda pogo na mfuniko utakwaruza siku zote. Fremu ya kufungwa kwa boliti baada ya zege kukauka siipendi, inalegea.

Sasa mfuniko wenyewe. Uwe mpana kupita ukingo kwa sentimita 3 kila upande, na kingo zake zikunjwe kushuka chini sentimita 8, maji yadondokee nje. Pini ya bawaba ikae usawa wa mwisho wa chini wa hilo pindo. Ukiiweka juu, usawa wa bapa la mfuniko, pindo litajikita kwenye ukingo wa zege mara tu unapoanza kufungua, na fundi atakachofanya ni kulikata pindo la nyuma. Mvua ya kwanza utajua alichofanya. Fremu ya bomba la mraba inayozama ndani ya tundu nayo iachiwe sentimita 2 upande wa bawaba, ili izunguke bila kugusa engo. Juu ya engo bandika mpira wa mlango wa gari, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea. Ni rahisi kuubadilisha, na unaondoa mlio wa chuma upepo ukivuma.

Upepo usiuchukulie kirahisi. Kwenu kusi na kaskazi zote zinatokea upande wa bahari. Bawaba zikiwa upande wa mashariki, upepo unausukuma mfuniko ukushukie kichwani. Zikiwa magharibi, unaubeba na kuupiga chini mpaka bawaba zipinde. Kwa hiyo popote utakapoziweka, weka mkono wa chuma bapa wenye mfereji, unaojikamata wenyewe mfuniko ukifika wima na kupita kidogo, na hautoki mpaka uusukume kwa kidole. Gharama yake ni ya vyuma chakavu vya karakana, na ndio unaomzuia mtu asifungiwe juu.

Wengi wenye slabu hupenda kuliacha tundu wazi usiku kwa ajili ya hewa. Kama na wewe ni hivyo, ongeza wavu wa nondo za milimita 12 chini ya mfuniko, nafasi ya sentimita 10 kati ya nondo na nondo, nao ufungwe kwa komeo la kushikwa kwa mkono, na chandarua cha mbu. Kama huliachi wazi usiku, wavu huo ni gharama ya bure. Kwa vyovyote vile, usitie kufuli ya funguo kwa ndani. Moto ukitokea jikoni, tundu hilo laweza kuwa njia yenu ya kutokea, na saa nane za usiku hakuna anayekumbuka funguo iko wapi.

Upande wa bei, shiti huuzwa futi 8 kwa 4, na mfuniko wako kabla ya kukunjwa ni sentimita 102 kwa 117. Shiti moja inatoa miwili. Jirani yako aliyeibiwa bila shaka anataka wa kwake: nunueni shiti moja, kazi ifanywe siku moja, mgawane. Ukikosa mwenzio, uliza karakana kama wana kipande kilichobaki kwenye kazi ya geti.

Mahali pasipo pa kubana matumizi ni rangi. Chuma kisuguliwe kutu, maungio ya kuchomelea yasawazishwe kwa grainda, kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili ndani na nje, ndipo rangi ya juu, na nyeupe itapunguza joto. Mkitumia bomba lililochovywa zinki, sehemu ya kuchomelea isuguliwe kwanza, moshi wa zinki unamlaza fundi na homa. Makomeo na bawaba zipate grisi kabla ya masika na baada yake. Lami ya kubandika kwa moto wa gesi ipande kwenye ukingo wa zege mpaka iingie chini ya pindo la mfuniko, na pale slabu inapokutana na ukingo pawekwe kwanza mteremko mdogo wa simenti, kwa sababu lami ikikunjwa kwenye pembe kali inapasuka.

Wasomaji ambao hawana tundu bado na wanataka kulikata kwenye slabu iliyokwisha kukauka, hayo yote hayawahusu mpaka mhandisi aone nondo zinavyopita. Usimpe mtu grainda akate kwanza.

Na wewe, dada, usimalize kulipa siku mfuniko unapofungwa. Fundi apande juu, ndani mfunge makomeo, ajaribu kuunyanyua kwa mtaimbo kwa nyuma na kwa mbele, kisha amwage ndoo tatu za maji juu yake wewe ukiwa chini na taa. Halafu mtu mzima mwepesi kuliko wote nyumbani apande ngazi, aufungue na kuufunga kwa mkono mmoja. Akishindwa, urudi karakana.