Maswali yenu: kuanzisha biashara penye vita

Wiki hii nimechagua maswali manne, mawili kutoka mashariki mwa Kongo, moja la Eldoret na moja la Kampala.

Nina duka la vitenge Goma. Bidhaa zangu hazikuporwa, lakini tangu mji utekwe biashara imekufa. Nilikosea wapi?

Pole sana, dada yangu. Watu hudhani kwamba vita huua biashara kwa moto na uporaji, kumbe mara nyingi huiua kwa kuikausha fedha. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwenye akiba benki akawa hana tofauti na asiye nayo. Wengi walilazimika kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, ili watoe fedha zao wenyewe, na noti zikawa adimu mitaani. Wewe unajua jinsi muuzaji wa Goma anavyoigeuzageuza noti ya dola 20 mkononi na kuirudisha kwa sababu imechanika kidogo ukingoni. Sasa fikiria hali hiyo pasipo benki ya kuibadilisha. Mteja anakitamani kitenge lakini hana cha kukupa, nawe ukimkopesha, utakosa cha kumlipa aliyekuletea mzigo. Hukukosea hesabu, dada.

Nina miaka 24, niko Bukavu. Nilitaka kufungua karakana ya kuchomelea vyuma. Nianze au nisubiri?

Kwa sasa usifunge mtaji wako wote kwenye mashine ambayo huwezi kuibeba siku ya kukimbia. Anza na kitu kinachonunuliwa kila siku, kama unga, sabuni au mafuta ya kupikia, ili fedha irudi mkononi ndani ya siku chache, na kila kizuizi cha barabarani kinachotoza ushuru ukihesabu katika gharama kabla ya kupanga bei. Nakushauri hivyo kwa uchungu, kwa maana karakana yako ingefundisha na kuajiri vijana wengine, ilhali wachuuzi mia wa sabuni ile ile hugawana tu wateja wale wale. Basi ufundi wako usiuache: fanya kazi ndogo kwenye karakana ya mwenzako hata siku mbili kwa wiki.

Duka langu Eldoret lina bima ya moto. Je, italipa ghasia zikizuka?

Usidhani hivyo. Bima ya kawaida ya moto mara nyingi haijumuishi hasara iliyotokana na ghasia za kisiasa, ambazo huwa na kinga yake ya kulipiwa kando. Muulize wakala wako leo, na akujibu kwa maandishi.

Mimi naanza kuagiza vipuri nikiwa Kampala. Machafuko ya Kenya yananihusu nini?

Yanakuhusu sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vurugu ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya. Mwezi uliofuata reli ya kwenda Uganda iling'olewa Kibera, Nairobi, malori yakakwama njiani, na petroli ikaadimika Uganda, ambako hakukuwa na ugomvi wowote. Aliyekuwa na duka changa wakati huo aliendelea kulipa pango huku mzigo wake ukiwa umelala Mombasa. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kontena la kwanza, mwombe wakala wako wa forodha akupigie pia hesabu ya kupitia Dar es Salaam, siku na gharama, na karatasi hiyo uitunze.