Maswali ya ubongo: domodomo, nyoka na ile asilimia 10 yenu

Ni kweli binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo? (Msomaji, Nyakato)

Hapana, na hili nishalijibu mpaka nimechoka. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wako ila unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili hata ukiwa umejilaza, sasa babu zako waliolala njaa wangelisha vipi mzigo ambao sehemu kubwa haifanyi kazi? Na huyo anayekuuzia vidonge vya "kuamsha" asilimia 90 iliyobaki, dai hela yako.

Kaka, kichwa kikubwa ndo akili nyingi?

Tembo ana ubongo wa kama kilo 5, wako haufiki kilo moja na nusu, na we ndo unalipa kiingilio Serengeti kwenda kumwangalia. Tuendelee.

Mwanangu, hawa samaki ninaouza wana akili au wanapapatika tu? (Mama wa mwaloni, Kirumba)

Shikamoo mama. Hapa ndo nilikuwa napasubiri. Siku ukiletewa domodomo mzima mtie kwenye beseni umwangalie, kamdomo karefu, vijicho vidogo. Anatafuta wadudu usiku kwenye tope, macho yatamsaidia nini? Basi mkiani ana kiungo kinachotoa umeme mdogo sana hata mkono hausikii, ukikutana na jiwe au mdudu unapinda, ngozi inanasa, ubongo unasoma. Kazi hiyo ni ghali: jamaa yake mmoja wa mito ya Afrika Magharibi na Kati alipimwa, ubongo peke yake unamaliza kama asilimia 60 ya oksijeni anayovuta! Ubongo haukui kwa sifa, unakua pale kazi yake inaporudisha gharama.

Hata furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe ya Ziwa Victoria, kuna wa bluu na mwenzake mwekundu, jike anachagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu haoni vizuri, anachukua yeyote, aina mbili zinageuka moja. Mnaomwaga uchafu Mto Mirongo hapa Mwanza, unaoingia ziwani, mnasoma hapa?

Mbona naogopa nyoka hata wa plastiki ila bodaboda napanda bila wasiwasi?

Sababu ukoo wetu na nyani umeishi na nyoka mamilioni ya miaka, pikipiki imekuja juzi. Mi mwenyewe niliruka kamba ya mtumbwi pale Igombe, miguu ilishatoka kabla sijajua ni kamba, wavuvi wakanicheka mpaka basi. Alafu jioni hiyohiyo nikapanda boda mpaka mjini na helmeti isiyo na mkanda, nimeishika kwa mkono, moyo umetulia kabisa.