Sarara, steki au fileti? Na je, mitamba ni hii au hawa?

SWALI: Ninasaidia kuandika lebo na orodha ya bei ya bucha jipya mjini Morogoro. Kamusi inanipa "sarara", lakini wakata nyama wenyewe wanasema "steki" na "fileti". Je, hayo ni majina matatu ya kitu kimoja? Pia mwenye bucha anataka lebo ionyeshe kwamba nyama yake ni ya ng'ombe wachanga, si wazee waliochoshwa na plau. Tuandike "nyama ya fahali", "ya maksai" au "ya ng'ombe dume"? La mwisho: tukitaja ng'ombe majike ambao hawajazaa, wenzangu wanasema "mitamba hii", mimi nasema "mitamba hawa". Nani yuko sawa?

JIBU: Tuanze na nyama, maana huko ndiko mteja anakogombana na muuzaji.

Steki, sarara na fileti ni vitu tofauti, na "steki" haimo hata katika kundi moja na wenzake. Mteja wa bucha la Dar es Salaam au Morogoro akisema "nipimie steki nusu", hataji sehemu yoyote ya mwili wa ng'ombe. Anajibu swali moja tu: mfupa uwepo au usiwepo? Steki kwake ni mnofu mtupu, uwe umetoka pajani, begani au mgongoni. Kinyume chake ni nyama ya mchanganyiko, yaani mnofu na mifupa yake, ambayo bei yake huwa chini. Basi steki ni daraja la bei. Mpishi wa hoteli aliyezoea kuita steki kipande kinene cha kukaangwa au kuchomwa atashangaa akikabidhiwa vipande vya shingo, lakini muuzaji hakumdanganya.

Sarara ni jina la mahali. Ni mnofu mrefu unaolala kando ya uti wa mgongo, kuanzia nyuma ya mabega kuelekea kiunoni. Wengi hutamka "salala". Katika maandishi bakini na sarara. Fileti nayo ni jina la mahali, ila finyu zaidi: mnofu mwembamba uliojificha upande wa ndani wa uti wa mgongo, chini ya kiuno, karibu na figo. Kila ng'ombe anazo mbili tu, moja kila upande, na kwa kuwa msuli huo haufanyi kazi kubwa mnyama anapotembea, hakuna mnofu ulio laini kuushinda. Tatizo ni kwamba wapo wanaoita yote miwili sarara, wa nje na wa ndani, na hawajakosea Kiswahili. Kwa orodha ya bei, hata hivyo, utata huo ni hasara. Ushauri wangu: andikeni "sarara" kwa mnofu wa nje, "fileti" kwa wa ndani, na "steki" kwa mnofu mwingine wowote usio na mfupa, mkitaja ulikotoka: "steki ya paja", "steki ya bega".

Sehemu nyingine hazina ugomvi mkubwa. Kidari ni kifua, nyama yenye nyuzi ndefu na mafuta, inayotaka kuchemshwa taratibu kwa muda mrefu. Ukiichoma haraka inakuwa ngumu na lawama zinaangukia bucha. Msiandike "kidali", ingawa ndivyo inavyosikika mitaani. Mbavu ni wingi wa ubavu, kwa hiyo "ubavu huu, mbavu hizi". Paja ni la nyuma. Mguu wa mbele wachinjaji na wachomaji wengi huuita "mkono", na msiogope neno hilo kwenye lebo, kwani mteja wa mbuzi choma anayeagiza mkono anajua hasa anachotaka: nyama kidogo kuliko ya paja, mfupa zaidi, na ladha ya kandokando ya mfupa. Kuanzia goti kushuka chini hadi kwatoni ni kongoro, wingi makongoro, na thamani yake iko katika kano na ngozi zinazoufanya mchuzi uwe mzito.

Kuna nundu, na hapa sehemu ya nyama inakuambia jambo kuhusu damu ya mnyama. Ng'ombe wa aina ya zebu na Boran wana nundu kubwa begani. Friesian na Ayrshire hawana. Ankole, pamoja na pembe zake za kutisha, ana nundu ndogo tu. Kwa hiyo bucha linaloandika "nundu" karibu na picha ya ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka meusi na meupe linajichongea kwa kila mfugaji atakayeingia.

Nyama ya kusagwa pwani huitwa kima, na Zanzibar au Mombasa hakuna anayeduwaa akisikia "sambusa za kima". Bara neno hilo humkumbusha mtu nyani mdogo wa msituni. Sarufi inatofautisha vizuri, maana kima ya sambusa ni "hii" na kima wa msituni ni "huyu", lakini mteja wa Morogoro hataisoma sarufi kabla ya kukunja uso. Andikeni "nyama ya kusaga".

Ndani ya tumbo msitumie neno moja la jumla. Mtanzania husema utumbo, Mkenya husema matumbo, na wote wawili huchanganya humo vitu vyenye bei na mapishi tofauti. Wauzaji wenyewe wana majina mazuri: "taulo" kwa tumbo kubwa lenye vinyweleo vya nyama kama kitambaa cha kuogea, na "kitabu" kwa lile lenye kurasa. Hayo mawili yanastahili kuwa kwenye orodha yenu, tena bila alama za kunukuu. Kitabu kisipofunuliwa kurasa zote wakati wa kuosha hubaki na mabaki ya majani na mchanga. Ndiyo sababu wapishi wengine hukikwepa.

Sasa wanyama wenyewe. Majina ya mifugo kwa Kiswahili hujibu maswali matatu: ni dume au jike, amehasiwa au hakuhasiwa, amezaa au hajazaa? Fahali ni ng'ombe dume mzima asiyehasiwa, anayeweza kupanda majike. Maksai ni dume lililohasiwa. Watu wengi hudhani maksai maana yake ni "ng'ombe wa kulimia", kwa sababu kule Usukumani na kwingineko maksai ndio hufungwa plau. Lakini ng'ombe jike aliyefungwa plau hawi maksai. Huyo ni mnyamakazi. Na maksai anayenenepeshwa bila kuvuta hata mkokoteni anabaki kuwa maksai.

Kwa hiyo "nyama ya fahali" haimwambii mteja lolote kuhusu ujana. Fahali anaweza kuwa na miaka mitatu au kumi, na fahali mzee nyama yake ni nyeusi, ngumu, na pengine ina harufu kali. "Maksai" nalo halitaji umri, ingawa dume lililohasiwa mapema hujenga mafuta vizuri na nyama yake huwa laini. "Ng'ombe dume" ndilo lisilo na habari kabisa. Mkitaka kutaja ujana, tajeni meno, kama wafanyavyo minadani. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote katika taya la chini, na hubadilika mawili mawili. Jozi ya kwanza ya kudumu hutoka akikaribia miaka 2 au akiwa ameivuka kidogo, na kinywa hujaa akiwa na miaka 4 hivi. "Maksai wa meno mawili" ni maelezo ambayo mnunuzi mzoefu anaweza kuyahakiki kwa macho yake. Umri huo una uzito mwingine pia kwa Waislamu wa pwani wafuatao Imamu Shafii, ambao ng'ombe au mbuzi wao wa udhhia, yaani wa kuchinjwa Idi, sharti awe ametimiza miaka 2, na kondoo mwaka 1 au awe amebadili meno. Bucha litakalopokea oda za Idi lisichezee neno "mchanga".

Upande wa majike, mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Kipimo ni kuzaa. Mimba haimwondoi katika jina hilo, ndiyo maana tangazo la "mtamba mwenye mimba ya miezi 7" ni Kiswahili safi. Akishazaa ni mbuguma, neno ambalo vijijini bado lina nguvu na mjini limeanza kusahaulika. Kwa mbuzi dume semeni beberu. Msimwite kondoo dume beberu, hata kama wana pembe zinazofanana. Orodha za shule nchini Kenya zina majina mengi ya watoto wa wanyama, kama kibui wa mbuzi na kivinimbi wa nguruwe. Ni maneno halali, lakini bwana mifugo akiandika "vivinimbi wapewe madini ya chuma" wafugaji wengi watampigia simu kuuliza. "Watoto wa nguruwe" linatosha.

Mkitaja kabila la ng'ombe, wekeni "aina ya". Ng'ombe wa Mpwapwa ni ng'ombe yeyote aliyetoka Mpwapwa. Ng'ombe aina ya Mpwapwa ni yule aliyeendelezwa katika kituo cha utafiti cha huko Dodoma, kwa kuchanganya damu ya zebu wa nyumbani, ya ng'ombe wa Asia ya Kusini na ya wale wa Ulaya. Anaweza kuwa amezaliwa Tanga. Kwa mchanganyiko wa aina mbili tumieni "chotara", na taja baba na mama: chotara wa Boran na Friesian. "Ng'ombe wa kisasa" ni neno la mikutano ya hadhara. Kwenye lebo halimsaidii mtu. "Mbegu" nayo ina kona zake, kwa sababu kwa wataalamu wa uhimilishaji (kumtia jike mimba bila kupandwa na dume), kama wale wa kituo cha taifa cha Usa River, mbegu ni kile kinachohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, wakati mfugaji akisema "ng'ombe wa mbegu" anamaanisha mnyama mzima.

Kuhusu mitamba, wewe uko sawa. Kiumbe hai hufuata upatanisho wa a- na wa-, hata kama umbo la neno linavuta kwingine. Tunasema "mitume hawa", wala hatusemi "mitume hii". Vivyo hivyo: mitamba hawa wana mimba, mafahali hawa, vifaranga hawa. Mtu akikutolea hoja ya "jogoo la shamba haliwiki mjini", mjibu kwamba methali imehifadhi upatanisho wake na haibadilishwi, lakini kwenye risiti ya shamba jogoo ni huyu. Vivumishi vya kumiliki ndivyo vyenye ruhusa: "ng'ombe zangu wamerudi" na "kuku zake wanataga" ni sanifu, "zangu" upande mmoja na "wamerudi" upande wa pili.

Mnyama akishageuka chakula, shikeni nomino mnayoitaja. "Mbuzi ameiva" ni sawa, "nyama ya mbuzi imeiva" ni sawa, "mbuzi imeiva" si sanifu. Vilevile "kuku wa kienyeji", kamwe si "kuku ya kienyeji", hata akiwa ndani ya friza. Vipande vyake vina ngeli zao wenyewe: kidari hiki, paja hili, kipapatio hiki, firigisi hii, maini haya. Na kwenye lebo ya kuku andikeni kipapatio badala ya bawa. Bawa ni la kurukia.