Barua kwa mwanangu: Tazama diko kabla ya ufukwe

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu wewe, mumeo na wajukuu zetu, na anauliza kama zile korosho tulizompa dereva zilifika zikiwa kavu.

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Unasema ndugu wote, wa upande wetu na wa mama yako, wamekubali tukutane Desemba shule zikifungwa, kwamba mmekwisha kuwahesabu watu 83 na bado wa Newala hawajaleta majina, na kwamba kilichobaki ni mimi kusema ufukwe upi ni mzuri zaidi: Kilwa, Msimbati au hapa Mikindani. Swali lako ni la ufukwe, mwanangu, lakini mimi kila nikitaka kulijibu najikuta nikijiuliza jingine, yaani watu hao 83 watashukia wapi. Ulishanisikia nikisema, na utanivumilia niseme tena: tazama diko, yaani pale watu wanaposhukia chomboni, kabla ya kutazama ufukwe. Mchanga mweupe tumejaliwa tele huku kusini. Mahali ambapo mama wa miaka 86 anaweza kutoka kwenye gari au mashua akafika kivulini bila kubebwa, hapo ndipo pachache.

Msimbati sitausema sana, kwa sababu uzuri wake unaujua. Ni kiasi cha kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, maji yake yana rangi ambayo sijaiona kwingine, na kwa kuwa uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, samaki na matumbawe bado wapo. Hata hivyo kuna kiingilio cha hifadhi, na kwa watu 83 hiyo ni hesabu ya kukaa na kalamu. Mchanga wa njia nao ni mzito, gari likinasa wanaoshuka kusukuma ni vijana na wanaobaki wakichomwa na jua ndani ni wazee. Kule Ruvula kina huanza karibu mno na ukingo kwa watoto wa Dodoma ambao hawajawahi kusimama kwenye bahari yenye mkondo. Isitoshe mpishi wako atahitaji maji baridi ya kupikia, kuoshea vyombo na kuogea baada ya chumvi, na ukimtengea kila mtu ndoo moja ya lita 20 kwa siku tayari unazungumzia zaidi ya lita 1,600, ambazo lazima zitoke mahali fulani.

Wadogo zako wanataka Kilwa, na sababu wanayoitoa ni nzuri: iko katikati. Wa Dar es Salaam watateremka, sisi wa Mtwara, Lindi na Masasi tutapanda, tukutane Nangurukuru na tuingie Kilwa Masoko pamoja. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa mimi mwenyewe mwaka 2005, kwa maneno yale yale, wakati daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa na miaka miwili tu na ndugu wa Dar hawakuwa tena na kisingizio cha kivuko cha Ndundu. Wewe ulikuwa darasa la sita. Unaikumbuka safari ile kwa namna yako, na sijawahi kukusimulia namna ninavyoikumbuka mimi.

Unajua kwamba babu yetu mzaa baba aliletwa Mikindani kwa jahazi akiwa mtoto, akitokea Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya Masoko, na kwamba marehemu baba hakupata kukanyaga kule. Shangazi yako mkubwa alipewa habari hizo akiwa mdogo kuliko sisi sote, akazishika kuliko sisi sote. Kwa hiyo niliposema tutavuka kwenda Kisiwani, hakuuliza tutakula nini wala tutalala wapi. Alichukua ule mrashi wa shaba wa mama yake, akausugua kwa ndimu na majivu mpaka ukang'aa, akaujaza marashi ya mawaridi, akaufunga kwa kitambaa cheupe na kuuweka kikapuni juu ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Alitaka kunyunyizia makaburi ya kule, hata kama hatujui lipi ni la nani. Basi zima lilinukia mawaridi kutoka Mingoyo hadi Masoko.

Tulilala Masoko Ijumaa. Jumamosi asubuhi niliwapanga watu kwa orodha, kwa sababu kibali cha kuingia magofuni kilikwisha kutolewa, basi lilikodiwa kwa siku, na nilitaka tuvuke saa nne ili turudi kabla ya giza. Nilipanga safari kwa saa ya basi, mwanangu, sikuipanga kwa saa ya maji. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili kabla. Mtoto yeyote aliyezaliwa Mikindani anajua maana yake: hizo ni siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana alasiri na asubuhi yakakupwa mpaka bahari ikakimbia. Mimi nilizaliwa Mikindani, na nilikuwa mwalimu wa jiografia.

Mashua tuliyokodi haikuwa gatini. Ilikuwa imesimama mbali ufukweni, na kati yetu na mashua palikuwa na tope, mawe yenye chaza, kisha maji yaliyomfika nahodha mapajani. Vijana walivua viatu wakaingia wakicheka. Akina mama walikunja khanga. Shangazi yako alisimama pale mchanga unapoishia, akamtazama kijana mmoja akipita na akawa kama anayapima maji kwenye miguu ya yule kijana, kwanza kwenye kifundo, halafu gotini, halafu pajani. Binamu zako wawili walirudi wakamwambia, "Shangazi, tutakubeba." Akajibu kwa sauti ile yake isiyopanda, "Mimi sibebwi kama gunia la korosho mbele ya wakwe zangu."

Nilichopaswa kufanya nakijua. Nilipaswa kumwambia nahodha tusubiri, kuagiza chai, kuwarudisha watu kivulini, na kuvuka saa tisa maji yakiwa yamekuja. Badala yake nilitazama saa yangu na orodha yangu, na yeye akaniona nikitazama. Akanifungulia njia mwenyewe: alitoa mrashi kikapuni akanikabidhi kwa mikono miwili, akaenda kukaa chini ya mkungu ulio juu ya ufukwe, akatutazama tukiondoka.

Kisiwani nilifanya kila kitu isipokuwa kile nilichotumwa. Nilihesabu watoto Gerezani, yaani kwenye ile ngome ya kale, nikawahesabu tena katika Msikiti Mkuu chini ya yale makuba, nikagombana na aliyepanda ukutani, nikamsikiliza mwongoza wageni akieleza kwamba Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, na kwamba magofu hayo, yaliyo katika urithi wa dunia tangu 1981, yalikuwa yameingizwa mwaka mmoja kabla ya safari yetu katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari na mvua vilikuwa vikiyala. Alituonyesha mahali ambapo ukuta wa Gereza ulikuwa umemomonyokea majini. Nilipita kando ya makaburi nikiwa na mrashi ndani ya mfuko wangu wa bega na sikuukumbuka. Niliukumbuka mashua ilipokwisha kutweka tanga.

Saa kumi tulirudi, na bahari ilikuwa imejaa. Mashua ilikwenda mpaka ikagusa mchanga, hatua chache kutoka kwenye mkungu ule, na watu walishuka wakiwa na viatu vyao miguuni. Shangazi yako alikuwa amesimama. Aliitazama mashua, akayatazama maji yaliyokuwa karibu kufika miguuni pake, akasema, "Kumbe bahari ingenijia yenyewe." Hakusema kwa lawama. Kisha akanyoosha mkono kuuchukua mrashi, na nilimwona akiupima kiganjani kama unavyopima embe, akajua kwamba umejaa. Akaufunga tena kwa kile kitambaa. Mpaka tunafika Mikindani usiku wa manane alizungumza nami vizuri tu, akanipa ming'oko aliyonibakishia, na hakutaja mrashi safari ile wala siku nyingine. Alifariki kabla hatujakutana tena kama ukoo. Mrashi uko kabatini kwangu, na mama yako ndiye anayeusugua.

Najua utanijibu nini, kwa sababu nimeshajijibu hivyo mwenyewe mara nyingi. Siku ile watoto zaidi ya thelathini walitembea juu ya ardhi ya babu yao. Wewe ulipotea Husuni Kubwa, kwenye magofu ya lile jumba la sultani, na tulipokupata ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa lile birika lenye pembe nane, ukiwa umevaa kofia ya ukili ya shangazi, ukaniuliza kama sultani alijua kuogelea. Ulirudi nyumbani ukasoma kila kitabu cha historia nilichokuwa nacho. Je, ningewanyima watoto wote hayo kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja? Sithubutu kusema ndiyo. Lakini pia siwezi kusema hapana, maana miguu ile ilikuwa ya mtu pekee kati yetu aliyekuwa na jambo la kufanya kule.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kulinganisha bei za nyumba za wageni, fungua kalenda uutazame mwezi wa Desemba. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni za bamvua: kwenye saa nne asubuhi utakuta tope, na kwenye saa kumi utakuta bahari mlangoni. Ukitaka wazee wapande mashua asubuhi, chagua siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nane, tisa, au tena ishirini na mbili, ishirini na tatu. Siku hizo bahari haiendi mbali, na kujaa kwake huangukia kabla ya adhuhuri. Usafiri wa Dar upangwe baada ya hapo. Na waambie wanaotoka huko waache siku moja ya akiba, kwa kuwa Desemba mvua zetu ndipo zinapoanza, nawe unakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara Somanga, kaka yako akakwama upande wa pili.

Sasa Mikindani. Watoto wa siku hizi watasema hapana mchanga, na ni kweli, kwa sehemu kubwa pana mikoko na tope. Lakini ghuba yetu imefungika kiasi kwamba hata kusi ikivuma maji yake hutulia, na barabara ya lami inapita kando ya bahari, mtu akishuka garini anaisikia harufu ya chumvi. Wageni watatembea mpaka Boma la Wajerumani la mwaka 1895, wataona nyumba za matumbawe zenye milango ya kuchongwa, na wataonyeshwa alipopita Livingstone mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Wanaotaka kuogelea watapelekwa Msangamkuu kwa kivuko, asubuhi waende, jioni warudi. Hospitali ziko karibu, na hilo si dogo ukiwa na baba yako mdogo wa Tandahimba anayetembelea magongo na bibi yako wa Chuno ambaye dawa zake zinahitaji barafu. Na diko la Mikindani ndilo babu alilolikanyaga aliposhuka kutoka kwenye jahazi lile. Ukilitazama hivyo, tungekuwa tunakutana mahali alipofikia, badala ya kumfuata alikotoka.

Kwa hiyo ungetegemea niseme Mikindani. Kalamu yangu imekwisha kuliandika neno hilo mara mbili na mara mbili nimelifuta, kwa sababu kila nikiliandika naufikiria ule mrashi. Niliapa baada ya 2005 kwamba sitawachagulia tena ndugu mahali pa kukutana, na kiapo hicho kinanielemea leo kuliko siku yoyote. Chagueni nyinyi, nami nitakuja popote. Mkichagua hapa, mama yako ameshasema kilo kumi na tatu za mchele kwa mlo mmoja zitatosha iwapo kuna mihogo, na kwamba pweza aagizwe kwa wavuvi siku mbili kabla, awahi kupigwa vizuri.

Ila kuna jambo moja ningependa uniulizie kwa rafiki yako aliyehamia Masoko, hata kama hamjaamua. Aende kwa manahodha awaulize kama siku hizi upande wa Kisiwani kuna mahali ambapo mzee wa miaka 74 mwenye magoti mabovu anaweza kushuka siku za maji mafu bila kubebwa, na kutoka hapo hadi kwenye makaburi ni hatua ngapi.

Baba yako