Maswali na majibu: Bwawa la chumvi linalotunza joto la jua

Maji ya moto hupanda juu. Iweje bwawa lichemke chini? (Msomaji, Nunge, Bagamoyo)

Hupanda kwa kuwa ni mepesi. Maji yenye chumvi asilimia 20, hata yakifika nyuzi 80, bado ni mazito kuliko yaliyo juu yake, basi yanabaki chini. Tabaka la kati, ambalo chumvi yake hupungua kadiri unavyopanda, halizunguki: mwanga hupenya, joto hunasa. Mwanasayansi Kalecsinsky alieleza hali hii mwaka 1902 katika ziwa Medve, Transylvania (leo ni Romania).

Nina eneo la mita 10 kwa 10. Chumvi kiasi gani, na nayapangaje matabaka yasichanganyike? (Kaole)

Tuseme kuta zimesimama wima na nailoni nzito imetandikwa. Ikivuja, visima vya jirani vitaharibika.

Jaza maji ya chumvi ya asilimia 20 hadi mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 150, kila moja ikibeba kilo 230 za chumvi: jumla tani 34 na ushee. Ukianza na maji ya bahari utaokoa kama tani 5. Acha tope litulie kwanza.

Sasa chukua sahani mbili za plastiki, ziache mwanya wa milimita chache, unganisha na bomba la pampu. Zining'inize mita 1 kutoka sakafuni, maji yasiyo na chumvi yatoke kwa ubapa, polepole. Kila kina kikiongezeka sentimita 5, pandisha sahani sentimita 10. Sahani na uso wa maji vitakutana kwenye mita 2: tabaka la kati limekamilika. Kisha mwagia juu sentimita 30 za maji mepesi, basi. Ukiharakisha pampu utakoroga, na itabidi uanze upya.

Nitapata joto kiasi gani? (Mlingotini, tunataka kukausha mwani)

Mita moja ya ujazo ya tabaka la chini ikishuka kutoka nyuzi 70 hadi 50 hutoa kama uniti 21 (kilowati-saa). Ghala ni kubwa, lakini jua hujaza taratibu: bwawa safi hunasa takriban asilimia 15 ya mwanga, na dogo kama hilo la mita 10 kwa 10 hupoteza zaidi kingoni. Chota kwa mabomba ya plastiki yanayostahimili joto; chuma kitaliwa na kutu.

Limegeuka kijani na joto limeshuka. (Kaole tena)

Mwani mdogo huo, unazuia mwanga. Mrututu (salfeti ya shaba) gramu 1.5 kwa kila mita ya ujazo hutosha, ukiyeyushwa kwanza.

Lakini angalia pia upepo wa kusi. Mawimbi hula tabaka la kati kuanzia juu. Weka juu ya maji mabomba ya plastiki yanayoelea, yaliyofungwa mraba mraba, kuyavunja. Pima kila wiki kwa haidromita (kipima uzito wa maji), kila sentimita 10 za kina: ukikuta pointi mbili zenye uzito sawa ndani ya tabaka la kati, limeanza kuzunguka hapo.

Chumvi nayo hupanda yenyewe, kilo 20 hadi 30 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Irudishe chini, na maji ya juu, yakishaingia chumvi, yaondoe uyapeleke kwenye shamba la chumvi la jirani yakauke.