Mvua ilipiga bati, maneno yakapotea

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wanaotengeneza filamu fupi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Kazi yangu ni kurekodi sauti, na kosa lililomo ndani ya barua hiyo nimewahi kulifanya mwenyewe.

*Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja Morogoro. Tulipewa kazi ya filamu isiyozidi dakika 10, mimi ni mwongozaji. Hadithi yetu ni ya msichana anayerudi nyumbani kumwambia bibi yake kwamba ameacha chuo. Tulishuti siku mbili kwa shangazi yangu. Siku ya pili, kwenye sini kubwa ya sebuleni, mvua ilinyesha juu ya bati. Tuliendelea kwa sababu kamera ni ya kukodi na ilitakiwa irudi jioni ileile. Maneno hayasikiki. Zimebaki wiki tatu, hela ya kukodi tena hatuna. Kikundi kinanilaumu mimi, mimi namlaumu kijana wa sauti. Nifute tutafute hadithi nyingine, au niwasilishe hivyohivyo?*

Marahaba, mwanangu. Usifute kitu. Leo hii nakili faili zote mara mbili, kwenye diski mbili tofauti, moja ikae kwako na nyingine kwa mwenzako. Nimeona wanafunzi wakifuta kwa hasira usiku, asubuhi wanalia.

Halafu chukua hedifoni na daftari, funika skrini kwa kitenge, sikiliza sini hiyo bila kuitazama. Andika kila sentensi na dakika yake. Yagawe maneno mafungu matatu: yanayosikika, yanayosikika kwa kukisia, na yaliyomezwa kabisa. Mvua hainyeshi kwa nguvu moja. Inapungua, inavuta pumzi, inarudi. Katika kila shoti uliyorudia kuna vipande vilivyosalimika, na huwezi kuvijua mpaka uvitafute kimojakimoja.

Usimalize siku zako kwenye programu za kusafisha sauti. Mlio wa friji au feni unapungua vizuri kwa sababu haubadilikibadiliki. Matone juu ya bati yametawanyika kuanzia sauti nene hadi nyembamba kabisa, na yamekaa palepale zinapokaa "s", "sh" na "f" za mwigizaji wako. Ukiyafukuza, unazifukuza nazo, na bibi atabaki anaongea kama yuko ndani ya pipa.

Sasa tuje kwenye hadithi yenyewe. Wewe umelala chini ya bati, unajua mvua kubwa inavyofanya. Mtu anasema jambo, mwenzake anasogeza sikio: "Unasemaje?" Analirudia kwa sauti ya juu. Mwisho wote wananyamaza, wanakaa wakitazama maji yanavyochuruzika mlangoni mpaka ipungue. Kila atakayeitazama filamu yako Morogoro anaijua hali hiyo. Msichana wako amelibeba neno hilo tangu stendi. Analitoa, mvua inalichukua, bibi hajasikia. Itambidi aliseme tena, na kulisema mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Mimi nasoma barua yako naiona sini hiyo, na nusu yake mnayo tayari kwenye kamera.

Nusu iliyobaki ni ndogo. Rudini kwa shangazi siku ambayo hainyeshi, saa zilezile mlizoshuti, bibi na mjukuu wakiwa na khanga zilezile. Shuti kwa simu kama kamera haipo. Nahitaji uso wa msichana mvua ikiwa imekatika, matone ya mwishomwisho yakidondokea ndoo iliyo chini ya mchirizi (mwageni maji kutoka juu kwa kikombe, polepole), na sentensi moja: ile aliyoisema mvua ikaimeza. Isizidi moja. Angalizo kuhusu simu: nyingi hubadilisha zenyewe idadi ya fremu (picha) kwa sekunde bila kukuambia, na sauti uliyorekodi pembeni huanza kuachana na midomo. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga fremu 25, au fremu zozote mlizotumia kwenye ile kamera ya kukodi.

Maneno mengine mawili matatu ambayo lazima yasikike, yarekodini upya hapohapo sebuleni. Studio itawapa sauti safi isiyofanana na chumba kile, na mtazamaji atahisi kuna kitu hata kama hajui ni nini. Simamisha godoro nyuma ya mwigizaji, shusha mapazia, mpe simu yenye sini ile ajitazame akisema, sentensi moja moja, amekaa kama alivyokaa siku ile. Maiki iwe umbali uleule. Bibi anayeongea ameinama kuchambua mchele hasikiki kama bibi aliyenyooka kwenye kiti, hata maneno yakiwa yaleyale.

Mvua ikinyesha tena, acheni mnachofanya mkarekodi mvua tupu juu ya bati lilelile, dakika mbili, pasiwe na mtu wa kukohoa. Itandike chini ya sini nzima, mwanzo hadi mwisho. Bila hiyo, kila unapokata kutoka shoti hadi shoti mvua itaruka, na masikio yatauona mshono. Hata bila mvua, kila chumba kina kimya chake. Fanya mazoea ya kurekodi sekunde 30 za kimya hicho kabla hamjaondoka mahali popote.

Nimebakiza lawama. Mvua ilipoanza, nani alisema tuendelee? Mwongozaji ni wewe. Yule kijana alikuwa anasikia kila kitu kwenye hedifoni, na naamini alikutazama. Ila hakuwa na ruhusa ya kusema "simama". Kwenye vikundi ninavyofundisha, mwenye hedifoni ndiye wa mwisho kusema kabla ya "akshen". Asiposema "sauti tayari", kamera haianzi, hata kama gari la kukodi linapiga honi nje.

Nakwambia hivi kwa sababu ya Pangani. Nilikuwa mwanafunzi, tukaenda kumshuti mzee mmoja anayesuka dema, mtego wa samaki wa fito. Tulikaa karibu na pantoni inayovusha watu kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, nami nikajiambia injini ile iko mbali. Kulikuwa na joto, nikazivua hedifoni nikazitundika shingoni. Usiku gesti tukasikiliza: saa mbili za maneno ya mzee, na injini imelala juu ya kila neno. Sikusema kwamba nilizivua. Nilisema maiki ni mbovu. Aliyekuwa amekwenda kuiazima ni mwenzangu, na lawama ile aliibeba mpaka tulipomaliza chuo. Nilikuja kumweleza baadaye sana. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko sauti iliyopotea.

Kesho yake alfajiri, pantoni haijawashwa, nilirudi kwa mzee peke yangu, nikamwomba asuke bila kusema. Niliweka maiki shubiri moja kutoka mikononi mwake. Ufito ukipita chini ya mwenzake unakwaruza. Anauvuta, unalia mlio mwembamba kama mlango wa mbali. Halafu anaugonga mara mbili kwa mgongo wa kisu, ukae. Dakika 40 nilirekodi hivyo. Filamu yetu ilijengwa juu ya mlio ule, na katika maneno ya mzee tulibakiza sentensi nne tu.

Waite wenzako. Anza wewe: mimi ndiye niliyesema tuendelee. Kisha andikeni kwenye karatasi moja mambo matatu ambayo mngeyajua siku moja kabla: bati lile halina dari, ni masika, na kamera inarudi jioni. Sini kubwa ingewekwa siku ya kwanza asubuhi, ili siku ya pili ibaki ya kurekebisha. Karatasi hiyo iambatishe unapowasilisha. Ningekuwa mwalimu wako ningeisoma kwa makini kama ninavyoitazama filamu.

*Mwalimu, shikamoo. Niko Mombasa. Mwigizaji wetu mkuu amenyoa nywele zote, na tumebakisha sini mbili. Anasema hakujua. Tufanyeje?*

Marahaba. Hakujua kwa sababu hakuna aliyemwambia, kwa hiyo msimpigie kelele. Filamu haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi, na mwigizaji asiyeoneshwa ratiba anadhani sini yake imeisha. Tazameni sini mbili hizo zinakaa wapi. Zikiwa mwishoni mwa hadithi, kunyoa kunaweza kuingia ndani yake: shoti moja kinyozini, mashine shingoni, nywele sakafuni. Zikiwa katikati, mvisheni kofia, ila kofia hiyo ionekane pia kwenye sini iliyotangulia, hata ikiwa imetundikwa ukutani tu. Msimtafutie nywele za bandia za bei rahisi. Jicho la mtazamaji litakwenda hapo na kubaki hapo.

Kuanzia sasa mmoja wenu awe na kazi ya kupiga picha kwa simu kila sini inapoisha: uso, mikono, viatu, kiasi cha chai kilichobaki kikombeni.

*Mwalimu, tulishuti darasani usiku kwa taa za tyubu. Kwenye video mwanga unachezacheza, kuna mistari inapita. Kwa macho hatukuona kitu. Mwanafunzi, Dodoma.*

Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za namna hiyo huongezeka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, fremu 25 kwa sekunde, na mchezo huo utatulia. Mara nyingi kamera huja imepangwa kwa umeme wa mizunguko 60, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ukaangalie. Taa nyingine za bei nafuu za LED hucheza hata ukifanya yote hayo. Hizo zizime tu, ulete taa nyingine. Mliyokwisha kushuti, jaribuni kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe mtazame, kwani rangi ikiondoka mistari hupungua kidogo machoni. Ikibaki kubwa, rudieni. Safari hii shuti kwanza sekunde 10 za ukuta mtupu, uzitazame kwenye skrini ya kompyuta kabla hujawaita waigizaji.